Uzuri wa Ushago ni Kazi ya Nani?

Ukitaka kujua Desemba imefika Nairobi, angalia status za watu. Kuanzia tarehe 20 hivi, wale waliokuwa wakiposti kahawa na lifti za Westlands wanaanza kuposti ng'ombe. Kuku. Sufuria nyeusi juu ya mafiga. Ukungu wa asubuhi. Mguu mmoja ndani ya gambuti. Maneno yanayoandamana na picha hizo ni yale yale kila mwaka: amani, utulivu, maisha halisi, huku ndiko kwetu. Kufikia Januari 3, watu hao hao wamejaa stendi wakigombania viti vya kurudi mjini, nauli imepanda, na hakuna hata mmoja anayesema atabaki.

Siwacheki. Mimi pia huposti. Ila kuna swali limenikaa kichwani tangu mwaka jana, na kila nikilifukuza linarudi: ni haki kupenda mahali ambapo huwezi kukaa? Siulizi kama inaruhusiwa, maana kupenda hakuombewi ruhusa. Nauliza kama mapenzi ya aina hiyo yana deni, na kama yapo madeni, nani anadai.

Wacha nikubali mapema kwamba ushago ni pazuri, ili tusipotezeane wakati. Kwetu ni Vihiga, si mbali na Mbale, Maragoli kabisa. Mgeni akifika, kitu cha kwanza kinachomshtua ni mawe. Mawe makubwa kama nyumba, yamekaa tu katikati ya mahindi, mengine yamebebana mgongoni kana kwamba kuna mtu aliyekuwa akiyapanga, akaenda kula, asirudi. Katikati ya mawe kuna nyumba, katikati ya nyumba kuna migomba, na nyuma ya migomba kuna nyumba nyingine. Tuko wengi. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 590,013 katika kaunti nzima, yaani zaidi ya watu 1,000 kwa kila kilomita mraba, na hapo hatuzungumzii mtaa wa maghorofa. Tunazungumzia watu wenye shamba, ng'ombe mmoja na kaburi la babu. Kwa hivyo kwetu hakuna ule upweke wa mashambani ambao watu husoma vitabuni. Ukikohoa, jirani anasema pole.

Halafu kuna mvua. Miezi mingi ya mwaka hunyesha alasiri, na huisikia kwanza kabla ya kuiona: inakuja ikigonga mabati ya majirani, boma moja baada ya jingine, mpaka inafika kwenu. Watu wanakimbia kuanua nguo na mahindi. Wanaopita njiani wanaingia kwa yeyote aliye karibu, hodi moja fupi, na hakuna anayewauliza wamefuata nini. Wanapewa kiti. Chai ikiwepo, wanapewa chai. Mvua ikiisha wanaenda zao. Mjini nimekaa miaka mitano sasa, kwenye ploti yenye milango kumi na minne, na sijawahi hata siku moja kuingia kwa jirani kwa sababu ya mvua. Ningeingia angedhani nimekuja kukopa.

Na kuna mrenda wenye munyu wa majivu, ugali mgumu, kuku aliyekuwa akitembea uani saa tatu asubuhi na saa nane yuko kwenye bakuli. Sitaendelea. Nyinyi mnajua vya kwenu.

Sasa hebu tuziangalie picha tena, lakini safari hii tutafute mikono.

Yale mawe ninayoyasifu, chini yake huketi akina mama na nyundo wakiponda kokoto. Jiwe linapondwa kipande kwa kipande, kutwa nzima, vidole vimefungwa matambara, mpaka lundo liwe la kutosha kuuziwa mtu anayejenga. Wakati mwingine anayejenga ni mmoja wetu wa Nairobi, na nyumba yenyewe ni ya kulala siku tano kwa mwaka. Maji ya ile chai yametoka chemchemini, bondeni. Mtungi wa lita ishirini ni kilo ishirini, na kutoka bondeni ni kupanda mlima. Kuni hazikujileta. Ule ua uliofagiwa hadi michirizi ya ufagio inaonekana, ile michirizi ambayo kila mtu huipiga picha jua likiwa chini, ulifagiwa na mtu aliyeinama saa kumi na mbili asubuhi.

Haya niliyajua mapema kuliko ndugu yangu, na si kwa sababu ya akili. Ni kwa sababu mimi ni msichana. Tukifika ushago, yeye hupewa kiti chini ya mparachichi. Mimi hupewa leso na kuonyeshwa sufuria ziliko. Hakuna ubaya unaokusudiwa, hata mimi ningeshangaa nikipewa kiti. Kufikia siku ya tatu yeye ana picha arobaini na mimi nina masizi chini ya kucha. Jioni anapumua, anatazama mawe, ananiambia, "Siz, huku kuna amani." Namwambia ndiyo, ipo, nimetoka kuiosha sasa hivi.

Kabla sijaachana na chuo mwaka wa pili (hadithi yenyewe ni ya karo, haina utamu), nilikuwa nimefika nusu ya kozi moja ya falsafa, na kuna kitu kimoja kilichobaki. Immanuel Kant, kwenye kitabu chake cha 1790 kuhusu uwezo wa kutoa hukumu, anasema kwamba ukitaka kusema kitu fulani ni kizuri, na useme kwa haki, lazima uwe hukitaki kwa lolote. Usiwe unataka kukila, kukimiliki wala kukiuza. Unakitazama tu, na kinakupendeza. Anatoa mfano wa kasri. Mtu akiulizwa kama kasri lile ni zuri anaweza kujibu kwamba hapendi vitu vilivyojengwa ili watu wabaki midomo wazi. Anaweza pia, kwa mtindo wa Rousseau, kuwalaani wakubwa wanaomaliza jasho la wananchi kwa vitu visivyo na haja. Kant anasema hayo yote sawa, yeye yuko tayari kuyakubali, lakini siyo aliyouliza. Aliuliza: ukilitazama tu, linakupendeza?

Darasani niliipenda hoja hiyo kwa usafi wake. Nikiwa jikoni kwa nyanya yangu naona kuna mtu amefungiwa nje. Kwa sababu anayeweza kutazama tu, bila kutaka lolote, ni yule asiye na zamu. Guku (ndivyo sisi Wamaragoli tunavyomwita nyanya) akiona mvua inakuja, anaona mahindi yaliyoanikwa uani. Mimi naona mvua. Je, mimi ndiye ninayejua uzuri wa mvua na yeye hajui?

Nilikuwa karibu kuandika kwamba Kant alikosea, halafu nikakumbuka kitu. Mahindi yakishaingia ndani, Guku hukaa mlangoni. Hukaa kabisa, miguu ameinyoosha, mikono mapajani, anatazama maji yakishuka kwenye mabati mpaka yaishe. Hasemi kitu. Ukimsemesha wakati huo anaitikia tu kwa koo. Kwa hivyo kutazama kupo, na hakumilikiwi na watu wa mjini wala na watu wenye digrii. Ila kwake kutazama kunakuja baada ya kazi. Kwetu sisi wa Desemba kunakuja badala ya kazi. Nadhani deni ninalolitafuta liko hapo, kati ya maneno hayo mawili.

Jambo lenyewe lilifika kwenye grupu ya familia mwezi wa Agosti. Guku amepita miaka themanini na anakaa na Senge, dada yake baba. Senge aliandika kwamba kikohozi cha Guku hakiishi, kwamba yeye mwenyewe mgongo umechoka na kuni, na kwamba anaomba kila mtu atoe mia tano wanunue jiko la gesi la vichwa viwili na mtungi wa kilo 13. Ujumbe ulikuwa wa mistari minne. Mimi nilidhani tutatuma M-Pesa na kuendelea na maisha.

Binamu mmoja akajibu kwamba chai ya gesi si chai. Akaongeza vikaragosi vya kucheka, lakini hakuwa anacheka. Mwingine akasema basi kesho mtaleta na maikrowevu, kwani tunageuza ushago kuwa Umoja? Kisha binamu aliye Doha, ambaye huandika mara chache, akaandika aya ndefu. Alisema yeye hufanya zamu za usiku, na kinachomvusha ni kufikiria lile jiko: moshi ukitoka kwenye nyasi, Guku kwenye kistuli, sufuria ya chai ikichemka. Akauliza, tukiondoa hicho, mimi narudi wapi?

Aya ile ilinigusa, na bado inanigusa. Sitaki kuifanya iwe ya kijinga ili nishinde ubishi kwa urahisi. Mtu aliye mbali, mahali ambapo hata jina lake linatamkwa vibaya, ana haja ya kuwa na sehemu moja duniani ambayo haisogei. Huo si upuuzi. Lakini haja yake ilikuwa inaomba kitu cha mwili wa mtu mwingine. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 moshi wa majikoni na hewa chafu ya ndani ya nyumba viliua watu milioni 3.2. Hapa Kenya, sensa ya 2019 ilikuta asilimia 55.1 ya nyumba zinapikia kuni. Ule moshi unaofanya picha ionekane ya zamani, wenye miale ya jua inayopita kwenye nyufa, ndio unaoingia kifuani mwa aliyeketi kwenye kistuli. Kwenye picha ni kitu kimoja na hospitalini ni kitu kimoja. Hakuna moshi wa aina mbili.

Senge hakujibizana. Alituma sauti, sekunde tatu hivi: "Basi njooni mpulize."

Pesa zilikamilika kabla ya saa mbili usiku, na wa Doha alituma elfu mbili.

Nimefikiria sana kuhusu maneno hayo matatu, kwa sababu naona yana hoja nzima ndani yake. Senge hakusema hamna haki ya kulipenda jiko. Alisema mapenzi yenu yana kazi, na kazi yenyewe ni kupuliza moto asubuhi kuni zikiwa mbichi na macho yakitoka machozi. Ukiwa tayari kupuliza, una sauti. Ukiwa hauko tayari, penda kimya kimya. Kuna watakaosema hiyo ni kali mno, kwamba hata aliye mbali ni mwana wa nyumba. Ni kweli. Lakini kuwa mwana wa nyumba kunakupa haki ya kulishwa ukifika. Sioni inakupaje haki ya kuamua wengine wapike vipi siku 360 ambazo haupo.

Raymond Williams, mtoto wa mfanyakazi wa reli kutoka kijiji cha Wales karibu na mpaka wa Uingereza, aliandika kitabu mwaka 1973 kuhusu jinsi Waingereza wanavyoota kuhusu mashambani. Alianza na kitu cha kuchekesha. Alichukua mwandishi anayelia kwamba kijiji cha kweli kimekufa juzi tu, wakati wa ujana wa wazazi. Akaenda kwa waandishi wa wakati huo wa wazazi, akakuta nao wanalia kwamba kimekufa juzi. Akarudi nyuma zaidi, hivyo hivyo, kama mtu aliyepanda zile ngazi za umeme za maduka makubwa zikimrudisha karne baada ya karne, mpaka akajikuta anakaribia bustani ya Edeni.

Kwetu ngazi hiyo ina vituo vifupi. Binamu zangu wanalilia jiko la nyasi. Baba analilia wakati ambapo mlima wa Maragoli ulikuwa na msitu kabla haujakatwa. Watoto wa ndugu yangu, nina hakika, watakuja kulilia mlio wa gesi ikiwashwa kwa Guku. Guku mwenyewe, ambaye ndiye angekuwa na mengi ya kulilia, halilii nyasi. Nilimuuliza. Alisema nyasi zilikuwa zinavuja.

Siku hiyo hiyo nikamuuliza swali lingine. Nilimwambia, "Guku, hapa kwako ni kitu gani kizuri kuliko vyote?" Nilikuwa nikitarajia mlima. Au ng'ombe. Au, kwa sababu Guku ni mtu wa kanisa, aseme ni Mungu. Akainuka polepole, akanishika mkono, akanipeleka nyuma ya nyumba akanionyesha tangi.

Tangi la plastiki, jeusi, lita elfu mbili. Linakinga maji ya mvua kutoka kwenye mabati. Akaligonga kwa kiganja jinsi mtu anavyompiga ng'ombe wake mgongoni, kutoka juu kushuka, akisikiliza sauti ibadilike ili ajue maji yamefikia wapi. Yalikuwa yamepita nusu. Akatabasamu tabasamu ambalo sijaliona akiangalia mlima. Alasiri hiyo hiyo ndugu yangu alikuwa amesogea hatua tatu kushoto ili tangi hilo lisiingie kwenye picha yake.

Kwa hivyo siyo kwamba watu wa ushago hawaoni uzuri wa maisha yao ya kila siku kwa sababu wamezoea, kama tunavyopenda kuambiana. Wanauona sana. Ila wanauona mahali tofauti na sisi: kwenye tangi, kwenye sakafu ya saruji inayopigwa deki, kwenye taa ya sola, kwenye redio ya lugha ya mama inayotangaza vifo saa ya jioni, ambayo Guku huisikiliza kwa hamu kuliko habari yoyote, akitaja koo za marehemu mmoja mmoja. Kwenye kupukusa mahindi na jirani huku wakisema vibaya, kwa upendo, juu ya wakwe zao. Vitu vilivyompunguzia mzigo, na vitu vinavyofanyika mzigo ukiwa umetuliwa. Mjini tunatafuta uzuri kwenye kile ambacho hatuna. Yeye anautafuta kwenye kile alichopata.

Msidhani pia ni mtu anayekimbilia kila kipya. Gesi ilipofika hakuvunja mafiga. Chai na mayai ni gesi. Maharagwe, viazi vitamu na chochote kinachotaka masaa mawili motoni ni kuni, kwa sababu mtungi ukiisha ni elfu tatu na kitu kuujaza, na mia tano zetu zilikuwa za mara moja. Ladha ya moshi iliyopiganiwa kwenye grupu ipo mpaka leo, imelindwa na bei ya gesi.

Kuna uzuri mmoja wa ushago ambao hauingii kwenye picha, na nadhani ndio mkubwa: kujulikana. Ukishuka kwenye lami usiku, mtu wa bodaboda anakuuliza, "Wewe ni wa kwa nani?" Unataja jina la babu aliyekufa kabla wewe hujaanza shule, na unafikishwa mlangoni bila ramani ya simu. Mjini nikiugua siku nne, atakayegundua kwanza ni mwenye nyumba, tarehe tano.

Lakini kujulikana kuna bei yake nako. Kwa miaka mitatu kijiji kizima kimejua kwamba sikumaliza chuo, na kijiji kizima huniuliza nitamaliza lini kana kwamba hakijui. "Kuandika" kwetu si kazi. Ni kitu ambacho mtu hufanya akimaliza kazi. Nina binamu wa kike aliyehamia Kangemi kwa sababu hiyo tu. Si umaskini uliomtoa, ni macho. Anasema alichoka kuwa mtoto wa fulani anayesemekana hivi na vile, na kwamba raha ya kufika nyumbani saa nne usiku bila mtu hata mmoja kujali hawezi kuiuza kwa parachichi lolote. Akisema hivyo wavulana wa familia humwambia ameharibiwa na mji. Mimi naona yeye ndiye msema kweli kati yetu. Anapapenda, anajua kwa nini hawezi kupakaa, na hamwombi mtu yeyote wa huko abaki vile alivyo ili yeye apate pa kukumbuka.

Tena kijiji kina jambo moja ambalo hatuwekangi kwenye status. Ni mahali pa kuzikwa. Wakenya tulilijadili taifa zima miaka ya themanini: wakili S.M. Otieno alipofariki Desemba 1986, mkewe Wambui alitaka kumzika Ngong, walikokuwa na nyumba. Ukoo wake wa Umira Kager ulitaka azikwe Nyalgunga, Siaya. Mwili ukakaa mochari miezi mitano kesi ikipanda mahakama baada ya mahakama, hadi ukoo ukashinda na akazikwa Siaya Mei 1987. Watu wengi hukumbuka kesi ile kama vita vya makabila au vya mila na usasa. Mimi nikiisoma leo nasikia swali lile lile: nyumbani ni pale unapoishi, au ni pale watu wanapokungoja?

Na wanaongoja ni akina nani? Kwa sababu ili Nairobi nzima iwe na pa kurudi, wakiwa hai Desemba na wakiwa maiti mwezi wowote, lazima kuna mtu aliyebaki. Mtu wa kufyeka makaburi. Mtu wa kujua mpaka wa shamba unapita wapi. Kwetu mtu huyo ni Senge. Alirudi kutoka kwenye ndoa yake miaka kumi na tisa iliyopita, akiwa na sanduku moja, na tangu hapo yeye ndiye ushago. Nasema hivi bila chumvi. Ua uliofagiwa ni yeye. Chai ni yeye. Kikohozi cha Guku saa tisa usiku kinajulikana na yeye peke yake. Tukisema "huku kuna amani" tunasema jina lake bila kujua.

Sasa, kimila, shamba si lake. Binti hana kiwanja kwa baba yake. Kwake ni kwa mume, na kama mume hayupo, basi hapo pana shimo ambalo wazee hawapendi kulichungulia. Cheti cha shamba bado kina jina la Guga, aliyefariki 1998, na hakuna aliyewahi kwenda mahakamani kufungua mirathi. Shamba lenyewe halifiki ekari moja. Wajukuu wa kiume wameshaligawa vichwani mwao: hapa nyumba ya fulani, pale ya fulani. Ndugu yangu ana ramani ya nyumba yake kwenye simu. Kwenye ramani hiyo, mahali ilipo nyumba ya Senge kuna veranda.

Mimi na ndugu yangu tuko kwenye hali ya ajabu. Kwa kazi, mimi ni mwenyeji na yeye ni mgeni. Kwa ardhi, yeye ni mwenyeji na mimi ni mgeni. Kila Desemba tunakula sahani moja na hatulisemi.

Sheria, kwa bahati, imeshasema. Sheria ya Urithi iliyoanza kutumika 1981 inasema watoto, haisemi wavulana. Mwaka 2005, kwenye kesi ya Rono, Mahakama ya Rufaa ilikataa hoja kwamba mabinti wapewe kidogo kwa sababu huenda wataolewa. Katiba ya 2010 ikaongezea juu. Lakini sheria iko Nairobi, kama sisi, na ushago huendeshwa na aliye karibu na aliye na sauti. Ndiyo maana sitaki sana kubishana tena kuhusu kama ushago ni pazuri au tunajidanganya. Nataka kuuliza wale wanaopapenda, mmoja mmoja, kwa jina, kwenye grupu: Senge atakaa wapi Guku akiondoka?

Niliuliza wiki mbili zilizopita. Niliandika kwa heshima, nikaanza na salamu, nikataja wazee wote kwa mpangilio unaofaa. Watu kumi na tisa wamesoma. Baba amesema tutaongea tukikutana. Ndugu yangu amesema si vizuri kuzungumzia shamba wakati mzee bado yuko hai, ni kama kumchimbia kaburi. Wa Doha ameweka kidole gumba, sijui kwa hoja ipi.

Senge hajaandika neno kwenye grupu. Alinipigia Jumapili jioni. Akaniuliza nimekula nini, huko mvua inanyesha, kazi ya kuandika inalipa? Halafu akaniuliza kama ni kweli hiyo kesi ya Rono ipo, au ni mambo ya mtandao. Nikamwambia ipo, 2005. Akanyamaza kidogo, nikasikia kuku nyuma yake. Akasema nimwandikie kwenye karatasi, jina na mwaka, nimpe mtu wa gari anayekuja Mbale, kwa sababu simu yake inafuta vitu.